Kona ya Kuikwepa Nyumba ya Mama

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Lipo swali ambalo nimeshindana nalo tangu mwaka wangu wa pili chuoni, na kila ninapodhani nimelimaliza hunirudia likiwa limevaa nguo nyingine. Ni hili: anayeupanga mji kwa miaka ishirini na mitano ijayo, anampangia nani? Waliopo leo watakuwa wamezeeka au wamehama. Watakaokuwepo wengi wao hawajazaliwa, na hakuna awezaye kuwauliza wanataka nini. Tunawauliza waliopo kwa niaba ya wasiokuwepo, kisha tunaandika kwamba wananchi wameshirikishwa. Mhadhiri wangu alisema hilo ni swali la wanafalsafa, nijifunze kwanza kuchora makutano ya barabara. Nimejifunza kuchora makutano. Swali lingali pale pale.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa kuwa simu zetu zimekuwa za kujuliana hali tu, na huko kwenye dirisha lako la dawa hospitalini huwezi kuzungumza bila mgonjwa kukugongea kioo. Jambo lenyewe linahitaji utulivu.

Tuko katika rasimu ya mwisho ya mpango kabambe wa mji wetu. Unaujua mji ulivyo: si mkubwa wa kutisha wala si mdogo wa kupuuzwa, na unakua kama mtoto ambaye kila ukimnunulia viatu, ukifika nyumbani vinambana. Upande wa mashariki itajengwa hospitali mpya, na makazi mapya yatafuata. Ili watu wafike huko, lazima pawe na barabara pana kutoka kituo cha mabasi, nayo haina pengine pa kupita ila mtaa wetu. Ama itanyooka na kupanda kilimani, ikachukua nyumba nane, ya Mama ikiwamo, pamoja na karakana ya Seremala. Ama itapinda bondeni kando ya uwanja wa shule, iwe ndefu zaidi, isiguse nyumba ya mtu.

Nimejitoa. Niliwaambia wenzangu ofisini kwamba kipande hicho sitakichora, sitakitembelea, wala sitakuwapo kinapojadiliwa, kwa kuwa nimezaliwa ndani yake. Katika kazi yetu mstari haukubaliwi mpaka wachoraji wautembee kwa miguu, mwanzo hadi mwisho. Huo ndio utaratibu ninaouamini kuliko wote, na hiki ni kipande cha kwanza nitakachokiidhinisha bila kukikanyaga. Nimekikabidhi kwa Rula. Ndivyo tunavyomwita mchora ramani wetu, mtu mwembamba anayekaa wima hata anapokula.

Tafadhali usimwambie Mama. Rasimu haijatangazwa, na siwezi kumpa yeye habari ambayo Seremala, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, hajapewa.

Nadhani nimefanya sawa. Ukiona sikufanya sawa, niambie.

Dada yako


19 Februari

Dada Mpangaji, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara mbili: ya kwanza kwa macho ya mdogo mtu, ya pili kwa macho ya mtu mwenye kwao. Umejitoa, vizuri, una heshima zako na hazipunguzwi na yeyote. Sasa nani atatupigania? Familia nzima ina mwenye kalamu mmoja, naye ameiweka mezani akakunja mikono.

Sikumwambia Mama kitu. Lakini Mama anajua, Dada. Watu wenye fulana za kung'aa wamepita mtaani wakipigilia vigingi vyenye rangi nyekundu, nawe unadhani mwalimu wa hesabu, hata kama amestaafu, ataviona vigingi aseme ni maua? Alinipigia Jumapili. Baada ya salamu akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kusahihisha madaftari, eti barabara ikipita kwenye nyumba ya mtu, ni serikali inayochagua au mwenye nyumba naye huulizwa. Nikamwambia ni serikali. Akasema, "Kwa hiyo hapo hakuna wa kulaumiwa."

Nikamwambia Mama usiogope, Dada yupo. Akanijibu, "Ndiyo, najua yupo," akaanza kunieleza habari za mvua.

Kuna mengine. Mama Mdogo aliyemtembelea wiki iliyopita ananiambia kwamba sufuria zile kubwa Mama amezigawa kwa majirani. Kitanda amekishusha sebuleni, chumba cha juu hakiingii tena. Pazia zilizochanika hazishoni. Mama, yule aliyekuwa akitupigia kelele kwa tundu la ukubwa wa punje! Mimi naiona hofu, Dada. Mtu akisikia atabomolewa, huanza kujibomoa mwenyewe taratibu ili siku ikifika asishtuke.

Baba aliijenga ile nyumba matofali kwa matofali, kila akipata kidogo anapandisha ukuta. Sielewi mambo ya kitaalamu na sikuombi upendeleo. Nakuomba tu, kama kona inawezekana kwa haki, basi iwezekane.

Mimi huku mzima. Tumepata friji mpya ya chanjo, na nimeitangazia wodi nzima kama vile nimejifungua.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Kona imewezekana. Nakueleza ilivyokuwa, ili usidhani kuna jambo nililolipindisha zaidi ya barabara.

Kipande chetu sikukigusa, kama nilivyokwambia, lakini mpango mzima hutoka kwa sahihi ya mkuu wa kitengo, na mkuu ni mimi. Rula alileta mchoro wake akautandika mezani pangu. Mstari ulikuwa umeshuka bondeni, ukazunguka kilima chetu kwa ukunjo mzuri, ukafuata uzio wa uwanja wa shule na kupanda tena upande wa pili. Akanieleza, macho yake yakiwa kwenye karatasi na si kwangu, kwamba mteremko wa kilimani ni mkali, basi lililojaa litapanda likilalamika na kushuka likiomba dua. Akaambatanisha ripoti. Nikaisoma, nikaona ina mantiki, nikatia sahihi.

Kwako wewe nitaongeza kitu ambacho ripoti haina mahali pa kukiandika. Nilihisi nafuu, na nafuu hiyo ilinifikia kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Sijui kama hilo lina maana yoyote. Daktari hufurahi pia anapoona kipimo cha ndugu yake kimetoka safi, na furaha yake haikibadilishi kipimo.

Rasimu ilipobandikwa ukumbini ili wananchi waitolee maoni, nilijiona niko huru kusema. Jumapili nikaenda kwa Mama. Nilimkuta ameketi kwenye kile kitanda cha sebuleni, goti lake limefungwa kitambaa. Nikamwambia, Mama, nyumba yako iko salama, barabara itapita bondeni. Nilitarajia dua, au angalau ile "alaa!" yake. Akasema, "Basi vizuri." Akainuka, akachukua kikombe kilichokuwa safi, akakiosha. Akakiosha tena.

Nadhani alikuwa akinificha machozi. Unajua hajazoea kulia mbele yetu. Nilimwacha na utulivu wake, nikarudi nyumbani kwangu nikiwa na amani ambayo sijakuwa nayo tangu vigingi vianze kupigwa.

Hongera kwa friji. Utueleze lini arobaini yake.

Dada yako


27 Machi

Dada,

Mungu akuzidishie. Nilipofika kwenye maneno "kona imewezekana" nilicheka peke yangu dirishani mpaka mzee mmoja akaniuliza kama dawa zenyewe ninazitumia.

Ila Mama hanielewi, au mimi simwelewi. Nilimpigia kumpongeza akanijibu kwa mkato kama niliyevunja kikombe. Nikamwuliza anaumwa? Magoti tu. Nikamwuliza ana furaha? "Nina furaha kiasi chake." Hebu nieleze, furaha kiasi chake inauzwa wapi?

Kisha akaniuliza habari ya vile vyumba viwili vilivyo wazi uani kwa Mama Mdogo, kama vimepata mpangaji. Anaulizia kwa niaba ya mwalimu mwenzake mstaafu, mjane, ambaye ngazi zimemshinda. Nilimwambia nitauliza. Mwone alivyo na moyo: yeye mwenyewe ametoka juzi kwenye hofu ya kubomolewa na bado anahangaikia makazi ya wenzake.

Labda hofu hutoka polepole kama homa. Mpe muda.

Mdogo wako


14 Aprili

Kwa Afisa Mipango Miji Mkuu,
Ofisi ya Manispaa.

KUHUSU: PINGAMIZI DHIDI YA KONA

Mimi ni mkazi wa mtaa unaoguswa na barabara inayopendekezwa kutoka kituo cha mabasi kwenda hospitali mpya. Nimeisoma rasimu yenu iliyobandikwa ukumbini, nikaisoma tena nikiwa nimevaa miwani, na ninaipinga katika sehemu moja, nayo ni kona.

Kwa muda mrefu nimewafundisha watoto wa mji huu kwamba umbali mfupi kuliko wote kati ya nukta mbili ni mstari ulionyooka. Baadhi ya watoto hao sasa ni maafisa katika ofisi yako. Nasikitika kuona kwamba walifaulu mtihani wakasahau somo. Kona yenu inaongeza safari ya kila mgonjwa atakayekimbizwa hospitali kwa muda wote barabara hiyo itakaodumu. Aidha, inapita ubavuni mwa uwanja wa shule, na mtoto anayeukimbilia mpira hajapata kuangalia kulia na kushoto tangu mpira ulipovumbuliwa.

Ripoti inataja mteremko. Mteremko huo naujua vizuri kuliko ripoti, kwa kuwa goti langu la kushoto limeuandikia ripoti yake kila siku. Hata hivyo, lori la mchanga hupanda, na gari la maji hupanda. Ninaomba ofisi yako ieleze ni kipimo gani kilichoonyesha kwamba basi litashindwa.

Ninafahamu kwamba barabara ikinyooka nyumba kadhaa zitaondoka. Mojawapo ni yangu. Sina kinyongo.

Wako katika ujenzi wa mji,
Mwalimu Mstaafu

Nyongeza: Hapo juu nimekuandikia kwa cheo chako. Kwa jina la nyumbani, njoo Jumapili kama kawaida, ila uje na sufuria. Zangu nimegawa.


2 Mei

Mdogo wangu,

Nimekuwekea nakala ya pingamizi la Mama ndani ya bahasha hii. Lilipofika ofisini lilipita mikononi mwa watu watano kabla ya kunifikia, na wote watano walikuwa na kikohozi cha ghafla. Nililisoma mlango ukiwa umefungwa. Mara ya kwanza nilidhani Mama anajitoa sadaka: kwamba ameona aibu binti yake asije akasemwa ameilinda nyumba ya mama yake, akaamua kuitoa nyumba ili kunisafisha jina. Nilikaa na wazo hilo siku kadhaa, likanipendeza na kuniumiza kwa kiasi sawa. Juzi ulikuwa mkutano wa hadhara, na nimegundua kwamba sikuwa karibu na ukweli hata kidogo.

Ukumbi ulijaa. Sikuongoza mimi, aliongoza mwenyekiti wa kamati ya madiwani, mimi nikakaa pembeni pamoja na watumishi wenzangu. Mama alivaa ile suti yake ya siku za kufunga shule. Hakusema kwamba ni mama yangu, na hakukuwa na mtu ukumbini asiyejua, kwa hiyo kila alipotamka "ofisi ya mipango miji" vichwa viligeuka kunitazama kama kwenye mchezo wa tenisi. Alieleza hoja zake mbili kwa utulivu. Mwenyekiti akamwuliza kwa upole kama anaelewa kwamba mstari ukinyooka nyumba yake inaondoka. Mama akajibu kwamba anaelewa, amefundisha jometri. Watu wakacheka, naye akawaacha wamalize kama anavyoliacha darasa.

Hapo akasimama Seremala. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Nadhani alitoka karakana moja kwa moja. Hakumtazama mwenyekiti, alimgeukia Mama.

"Mwalimu, jirani yangu, wewe ukitaka kuondoka, ondoka kwa miguu yako. Usiniondoe na mimi kwa barabara."

Mama akaketi. Katika maisha yangu yote sijapata kumwona akiketi kabla ya kumaliza hoja, na nilitamani kumpelekea maji, lakini ningekuwa nimempelekea kama nani?

Mwenyekiti, ili kuendeleza kikao, akauliza ofisini ni nani aliyeamua kona, na kwa kipimo gani, kama Mwalimu anavyohoji. Rula akainuka, akanyooka kuliko kawaida yake. Sitalisahau neno lake hata moja.

"Tuliamua sisi," alisema. "Tuliona mkuu wetu amejitoa kwa heshima, tukaona si adabu yeye ajitoe kwa heshima halafu sisi tumbomolee mama yake. Mteremko upo, hatukuubuni. Ila mstari ulionyooka hatukuutembea. Tuliutembea wa bondeni peke yake."

Umeelewa? Nilidhani kwamba kujitoa ni kuuondoa mkono wangu kwenye mizani. Kumbe kujitoa ndiko kulikokuwa mkono wenyewe, na ulikuwa mzito kuliko ambavyo ungekuwa kama ningebaki. Ningebaki, wangebishana nami. Rula ananibishia kila siku kuhusu upana wa njia za waenda kwa miguu na huwa ananishinda. Nilipoondoka, niliwaachia adabu tupu, na adabu haina kipimo.

Niliomba kikao kiamue mambo mawili: kwamba mistari yote miwili ipimwe upya na wapima ardhi wa manispaa jirani, wasionijua, na kwamba kamati ndiyo itakayochagua. Vyote vilikubaliwa. Rula aliniomba radhi kwenye ngazi. Nikamwambia sijui kama ni yeye anayepaswa kuomba.

Kutoka hapo nilimfuata Mama nyumbani. Nilibeba sufuria. Tulichemsha chai kwanza. Nikamwuliza ni kwa nini. Akazungushazungusha: habari za wagonjwa, habari za mpira, ile mistari na nukta. Nikamwambia, Mama, hapa hakuna kamati. Akaitazama ile ngazi ya kupanda chumbani, ambayo sasa anaweka juu yake magazeti na miavuli.

"Nyumba hii alinijengea baba yenu," akasema. "Kuiuza siwezi, na kuipanda siwezi tena. Nilitaka mji uninyang'anye. Ninyi mngenionea huruma, nami ningeenda zangu kwa mdogo wangu nikakae pasipo ngazi, na hakuna ambaye angesema nimemtupa baba yenu."

Yule mwalimu mjane anayetafuta vyumba kwa Mama Mdogo ni yeye, mdogo wangu. Sufuria hakuzigawa kwa hofu. Alikuwa anafungasha.

Nilimwuliza kwa nini hakutuambia. Akasema kila alipogusia, tulimwahidi kumlinda. Nimepitia barua zetu tangu Februari. Ni kweli.

Dada yako


16 Mei

Dada yangu,

Nimecheka, nimelia, nimecheka tena, na mzee yule yule wa dirishani sasa ana hakika nazitumia.

Tumeilinda nyumba dhidi ya mwenye nyumba! Watu wawili wenye shahada, tukapeana habari za hofu yake, tukaichambua, tukaitafutia dalili, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza unataka nini. Mimi ndiye mbaya zaidi. Mgonjwa akija dirishani kwangu namwuliza swali hilo kabla hajaweka cheti juu ya meza.

Nimempigia. Nikamwambia, Mwalimu, nimepata habari za vile vyumba kwa ajili ya mwenzako mjane. Kimoja kina dirisha linalotazama bustani, kingine kinapata jua la asubuhi, na hakuna ngazi hata ya kupandia mbuzi. Nikamwambia, mwambie huyo mwenzako kwamba wanawe wote wawili wameridhia, na kwamba mume wake, kama ninavyomkumbuka, alikuwa mtu wa kujenga mahali pa kukaa, si mahali pa kulindwa. Kisha akasema, "Nitamfikishia," akanikatia simu. Baada ya muda mfupi akapiga tena kuuliza hicho chenye jua la asubuhi ni kikubwa kiasi gani.

Kuhusu wewe. Najua sasa umekaa unajihukumu. Ukipewa furaha, huwa unaiomba risiti. Seremala amesema jambo la haki, Mama amesema jambo la haki, Rula amesema ukweli mbele ya watu, nawe umeomba vipimo vya watu baki. Mtu angetaka nini zaidi kwa mpango wa kipande kifupi cha lami? Lala usingizi.

Mdogo wako


30 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Mama amehamia kwa Mama Mdogo. Jumamosi tulimalizia vitu vya mwisho, na Seremala ndiye aliyefungua milango kwenye bawaba ili kabati lipite, kisha akairudisha na kuipiga randa iliponasa, na alipoulizwa ujira wake akasema Mwalimu amwachie tu ujirani mwema na ile ndoo ya bati. Wamekwisha kupatana. Alimwambia kwamba siku ile ukumbini alisema kwa ukali, Mama akamjibu kwamba alisema kwa ufupi, na ufupi ni sifa. Nyumba wameipanga wauguzi wawili, wenye magoti mazima, wanaosubiri hospitali mpya ifunguliwe. Juu, chumbani kwetu mimi na wewe, wameweka pazia la njano. Nilidhani nitaumia nikiliona kutoka barabarani. Sikuumia.

Huko aliko, Mama na Mama Mdogo wanagombana kutwa kuhusu redio ifunguliwe sauti ya kiasi gani, na Mama amenenepa kidogo. Nilimkuta amekaa nje kwenye jua la asubuhi anamfundisha mtoto wa mpangaji mwenzake kugawanya kwa desimali, mtoto akiwa hakuomba. Kitambaa cha goti amekitoa. Aliniuliza barabara imefikia wapi, nikamweleza, akasikiliza kama mtu anayesikiliza matokeo ya timu ambayo haiungi mkono tena.

Nikueleze na wewe. Wapima ardhi wa manispaa jirani walikuja, wakaitembea mistari yote miwili mvua ikinyesha, wakaandika kwamba mteremko ni mkali lakini unachongeka, na kwamba njia zote mbili zinafaa, kila moja na hasara zake. Kilimani ni fupi na inaondoa watu. Bondeni ni ndefu na inahitaji uzio mrefu na kivuko salama cha watoto. Kamati ikachagua bondeni, kwa kura nyingi ingawa si zote, na sababu waliyoiandika ni kwamba wenye nyumba saba kati ya wanane wa kilimani hawakutaka kuhama. Kivuko cha watoto kimeingizwa kwa sababu ya pingamizi la Mama. Hoja yake ya wagonjwa na urefu wa safari imeandikwa pia, na haijajibiwa, kwa kuwa haina jibu. Mtu fulani, mwaka fulani, atakuwa ndani ya gari la wagonjwa kwenye ile kona, na atazihesabu sekunde.

Rula na mimi tumebadilisha utaratibu. Anayejitoa sasa hutaja waziwazi mbele ya wote anachokitamani, kisha ndipo anatoka, ili wanaobaki wajue ni nini wasichopaswa kumpa kwa adabu. Rula anasema utaratibu huo utatuaibisha sana. Nadhani ndiyo faida yake.

Kwa hiyo watu wamepata wanachotaka, au kitu kinachokaribia hicho, na mimi pia nimetosheka. Ninatembea kwenda kazini nikiwa mwepesi. Ungekuwa hapa ungeniambia nikome hapo. Lakini umenizoea.

Lililobaki ni hili. Kona ni ile ile. Ni mstari ule ule niliotia sahihi mwezi wa Machi, hata kipimo kimoja hakijasogea. Wakati ule haukuwa na sababu ila heshima, na sasa una sababu zilizoandikwa vizuri, zote za kweli, na zote zilikuja baada ya nafuu yangu. Nimejaribu kujiuliza kama ningeikubali kwa wepesi ule ule lau kilimani pangeishi mama wa mtu mwingine. Nimejaribu kwa uaminifu, mezani na njiani. Sijui, na nimeanza kuelewa ni kwa nini sitajua: ili kujibu, ningehitaji kuusoma tena ule ukurasa wa kwanza wa ripoti ya Rula nikiwa bado sijui kilichoandikwa, na hilo halipatikani. Waliobaki wa kuulizwa ni wale watakaopita hapo baada ya miaka ishirini na mitano, nao hawataona kwamba palikuwa na swali. Wataona bonde, uzio na watoto. Watapunguza mwendo, kama watu wanavyopunguza mwendo kwenye kona yoyote, kisha wataendelea na safari yao.

Dada yako